Leteni Mkataba Tuusome

Maneno niliyowaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uuguzi, Mombasa

Mkuu wa chuo, walimu wangu, wazazi mliofika, na nyinyi wanangu mnaohitimu: assalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengine. Jana jioni nilipita hapa kuwasalimu walimu wangu, na nilipokuwa natoka msichana mmoja wa darasa hili akanifuata mpaka getini na simu mkononi. Alikuwa ametumiwa ujumbe. Kuna nafasi za kuhudumia wazee Uingereza, mshahara mnono, viza ndani ya wiki sita, anatakiwa alipe shilingi 350,000, nusu yake kabla ya Ijumaa. Mama yake ameshazungumza na wenzake wa chama wamkopeshe. Akaniuliza, "Sista, nitume?"

Nilimjibu pale pale, na leo kwa ruhusa yake nawajibu nyote. Viza ile ya kuhudumia wazee, kwa mtu anayeomba akiwa nje ya Uingereza, ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Haipo. Aliyeandika ujumbe ule huenda hajui, au anajua vizuri sana. Kwa pesa za mama yule ni mamoja.

Sikuja kuwakataza kwenda. Mimi mwenyewe nilikwenda, na huu ni mwaka wangu wa sita katika hospitali ya Uingereza. Nimekuja kuwaambia kwamba kwenda ni kazi. Ni kazi ya mwaka mmoja na nusu hivi, ya karatasi, ya lugha na ya mikono yenu, na haina njia ya mkato. Kila anayejitolea kuwafupishia kazi hiyo kwa pesa, mkimbieni.

Bei ya njia ya mkato naijua kwa sababu niliilipa. Ilikuwa mwaka 2018. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili mjini hapa, feni inazunguka, ukutani kuna ramani ya dunia, na nyuma ya meza yuko bwana mmoja mpole, mwenye lugha tamu. Alitaka shilingi 180,000. Nilikuwa na 60,000. Mama yangu akavua bangili zake mbili za dhahabu, alizovishwa na bibi yake siku ya harusi, akazifunga kwenye pembe ya leso na tukaenda naye kwa sonara. Sonara akazipima, akataja bei. Mama hakubishana, na mama yangu ni mtu wa kubishana bei hata ya mchicha. Nilipewa risiti yenye muhuri wa buluu. Baada ya miezi mitatu nikapanda zile ngazi nikakuta kufuli, na juu ya mlango karatasi ya kukodisha chumba. Risiti ninayo mpaka leo. Mama hajawahi kulitaja jambo lile hata siku moja. Lakini kila Idi anaponyoosha mkono kunipa sahani, nauona mkono mtupu.

Najua kwa nini mnataka kwenda, kwa hiyo sitawauliza. Nilihitimu mwaka 2011 na nikapata kazi upesi, nikadhani ndivyo ilivyo. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na waliohitimu baada yetu wengine wamekaa na leseni kabatini mwaka wa pili, wa tatu, wakiuza nguo na kusubiri tangazo la ajira. Mwaka 2017 wauguzi tuligoma karibu miezi mitano. Nilikuwa miongoni mwao. Mgomo ule ulinifundisha jinsi mtu anavyoweza kuwa na taaluma na asiwe na unga. Tuliporudi wodini, usiku nilikuwa peke yangu na wagonjwa 40. Linaloniuma mpaka leo ni hili: wodi haina wauguzi, na wauguzi wamekaa vibarazani, katika mji ule ule, wiki ile ile. Shirika la Afya Duniani lilitaja kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000, na sisi tuko mbali chini ya hapo. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba mnaikimbia nchi. Wengi wenu nchi haijawapa pa kukaa.

Sasa njia yenyewe. Nitaisema kama nilivyoipita, na pale ilipobadilika nitawaambia.

Mlango wa kwanza ni lugha. Uingereza wanakubali mtihani wa Kiingereza wa IELTS au ule wa OET, ambao umetungwa kwa watu wa afya: unasikiliza mgonjwa akieleza, unaandika barua ya kumhamisha mgonjwa. Mimi nilichagua OET, nikapanda treni ya SGR kwenda Nairobi kuufanya. Kwa IELTS mnatakiwa 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Wakenya wengi tunaona Kiingereza tunakijua, tumekisoma tangu darasa la kwanza, basi tunakwenda bila maandalizi na tunaangushwa na kuandika. Jipeni miezi mitatu. Kila siku andikeni barua moja.

Halafu kuna mtihani wa kompyuta, CBT, unaofanywa huku huku, hesabu za dawa na maswali ya uuguzi. Ada yake ni pauni 83. Baraza la Wauguzi la Kenya nalo linathibitisha moja kwa moja kwa baraza la wauguzi la kule kwamba umesajiliwa na huna kesi. Hapo ndipo mnaanza kutafuta mwajiri, na mwajiri ndiye anayetoa hati ya udhamini inayozaa viza. Mtapimwa kifua kikuu kule IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, Nairobi. Mtihani wa mwisho, ule wa vitendo, unafanywa mkishafika Uingereza.

Tena nalisema hili polepole. Sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtu pesa kwa ajili ya kumtafutia kazi. Wakala halali analipwa na mwajiri. Zaidi ya hapo, serikali yetu na yao zilitia sahihi makubaliano mwezi Julai 2021, na kufuatia hayo mawakala hawaruhusiwi kuwasaka wauguzi Kenya nje ya mpango wa serikali hizo mbili. Sasa pimeni wenyewe yule wa kwenye simu yuko upande gani. Orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, jina moja moja. Orodha ya mawakala walioidhinishwa hapa iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Dakika kumi za bando zinatosha kuzitazama zote mbili.

Na msisikilize idadi zinazotangazwa. Makubaliano yale ya 2021 yalivuma mno. Kundi la kwanza lililopanda ndege, Juni 2022, lilikuwa na wauguzi 19. Septemba 2024 Rais Ruto na Scholz, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani wakati huo, walitia sahihi mkataba wa wafanyakazi mjini Berlin, na siku ile ile zikasambaa habari kwamba Ujerumani imetoa nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Lakini kwenye simu zetu ile 250,000 bado inatembea, na wako watu wanaiuza kwa rejareja.

Turudi kwenye mtihani wa vitendo, kwa sababu ndiyo sehemu iliyonifedhehesha na ndiyo iliyonifunza. Unaitwa OSCE. Siku hizi una vituo 10 na ada yake ni pauni 794. Waajiri wengi wa umma hulipa, lakini ulizeni. Kila kituo kina mgonjwa, ambaye ni mwigizaji au mwanasesere, na pembeni amekaa mtahini na karatasi yake. Mimi niliingia nikiwa na miaka minane ya wodi. Nilikuwa nimeshatafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa na maji, usiku, umeme umekatika, nikimulikiwa kwa tochi ya simu na baba yake. Nikaingia kituo cha dawa. Nikasoma chati, nikapiga hesabu ya kipimo, nikampa mgonjwa vidonge vyake na maji. Nikaanguka.

Sikumwuliza jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa. Sikuvisoma kwenye bangili ya plastiki aliyovaa mkononi. Sikumwuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mambo hayo matatu, basi. Wodini kwetu niliwajua wagonjwa kwa sura, kwa kitanda na kwa watu wao: yule wa kitanda cha 14 ndiye mzee ambaye bintiye huja na uji asubuhi. Siku zote mkono wangu ulikwenda kwa mtu ninayemjua. Pale kumjua mtu kwa sura hakuhesabiki, na nilipokaa nikafikiri nikaona wana haki, kwa sababu hata kwetu, usiku ule wa wagonjwa 40, niliwahi kusimama kando ya kitanda na sindano mkononi kabla sijatambua kwamba mgonjwa amehamishwa na huyu ni mwingine. Mungu alinisitiri. Sikupaswa kumwachia Mungu kazi yangu.

Nilirudia nikapita. Lakini nyinyi msisubiri kufika kule. Anzeni kesho asubuhi kwenye mafunzo ya wodini. Ukifika kitandani, jitambulishe kwa jina, mwulize mgonjwa jina lake, mweleze unachotaka kufanya, ngoja akubali, na kila hatua iseme kwa sauti. Wenzako watakucheka wiki moja. Mzee wa kitanda cha 14 hatacheka. Kwa mara ya kwanza tangu alazwe atakuwa ameambiwa dawa anayomeza ni ya nini. Na hata usipopata viza maisha yako yote, wodi hii itakuwa imefaidika.

Kwa sababu hiyo naamini, na najua wako watakaonipinga, kwamba mtu afanye kazi hapa miaka miwili kabla ya kwenda. Ajira ikikosekana, hata zamu za vibarua katika hospitali ndogo. Kule hawatakupa muda wa kuwa mgeni wa ugonjwa na mgeni wa nchi kwa pamoja. Mimi nilipita OSCE Januari 2020. Machi ikaingia korona. Kilichonishikilia miezi ile ni mikono iliyofunzwa hapa Pwani.

Sasa pesa, maana wazazi wamekaa wakisubiri nifike hapo. Muuguzi anayeanza katika hospitali za umma za Uingereza yuko ngazi ya mshahara wanayoiita bendi ya 5, ambayo kwa mwaka 2025/26 ilianzia pauni 31,049. Mkizidisha kwa shilingi mtapata zaidi ya milioni 5, na nyumba nzima itapiga vigelegele. Subirini. Kabla hujapita OSCE unalipwa chini ya hapo. Ukishapita, karatasi ya mshahara ya mwezi ina mistari mitatu ya makato: kodi, bima ya taifa, pensheni. Kinachobaki mkononi ni chini kidogo ya pauni 2,000. Chumba changu cha kwanza, kitanda na kabati, jiko na choo tukitumia watu wanne, kilikuwa pauni 550. Basi la kwenda kazini, chakula, koti, viatu visivyopitisha maji. Mwezi wa kwanza nilimtumia mama pauni 60 na nikalia nikizituma, kwa furaha na kwa uchache wake.

Wazazi wangu, nawaomba. Mtoto akifika kule, mwaka wa kwanza msimhesabie. Msimwambie paa limeanza kuvuja wiki aliyotua. Wengi niliowaona wakidhoofika kule hawakudhoofishwa na baridi. Walikuwa wanafanya zamu tatu za saa kumi na mbili na nusu kila wiki, halafu wanaongeza ya nne na ya tano, kwa sababu nyumbani hakuna aliyekuwa anawauliza wamelala saa ngapi.

Kuna upweke pia, na ule wa lugha sikuutarajia. Wiki yangu ya pili wodini bibi mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "I need to spend a penny." Nikaelewa anataka pesa. Nikamwambia kwa upole kwamba pochi yake iko salama ofisini. Akarudia, nikarudia. Akajikojolea, akageuza uso ukutani. Ni msemo wao wa zamani wa kuomba kwenda chooni, na wazee bado wanautumia kwa adabu, kama bibi zetu wanavyosema wanakwenda uani. Nilikuwa nimepata alama zote za lugha. Nilimsafisha, nikambadilisha shuka, nikamwomba radhi, na tangu siku ile kila nisipoelewa nasema wazi kwamba sijaelewa. Nawapa neno hilo mapema. Kusema "sijaelewa" kule hakumshushi muuguzi hadhi. Kukaa kimya ndiko kunakomdhuru mgonjwa.

Kwa wanaotazama Ujerumani nitasema kwa ufupi. Kule mlango ni Kijerumani, hapana mwingine. Ili cheti cha uuguzi kitambuliwe kikamilifu kwa kawaida mtu anatakiwa afike kiwango cha B2, na kutoka A1, ngazi ya anayeanza, mpaka hapo ni mwaka au zaidi wa kusoma kwa bidii. Taasisi ya Goethe ya Nairobi inafundisha na kutahini. Anayewaambia mtajifunza lugha mkishafika, mwulizeni mgonjwa atawasubiri?

Na wanaotazama ng'ambo ya pili ya bahari yetu, Saudia, Imarati, Qatar, ambako watu wa Pwani wamekuwa wakivuka tangu enzi za majahazi: kule mtafanya mtihani wa leseni wa kompyuta, ule wa Prometric, vyeti vitahakikiwa, na mara nyingi wanataka miaka miwili ya kazi. Wako wauguzi wetu wanaoishi vizuri huko. Ila shikeni jambo moja. Pasipoti ni yako. Mwajiri asikuwekee, hata akikuambia ni kwa usalama wako. Na hakikisha kazi iliyoandikwa kwenye viza ni uuguzi, si neno jingine.

Nimebakiza mkataba, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko pote.

Nyakati za korona nilipata rafiki kutoka nchi nyingine ya Afrika, muuguzi hodari, aliyeletwa na nyumba binafsi ya wazee. Aliletewa mkataba wa kurasa 11 saa tano usiku, akaambiwa ausaini kabla ya asubuhi la sivyo nafasi itakwenda kwa mwingine. Akausaini kwenye simu, kwa kidole. Baada ya miezi minane, kwa zamu ambazo hazikuwa zimetajwa na chumba chenye ukungu ukutani, akataka kuondoka. Ndipo akasomewa ukurasa wa saba: akiondoka kabla ya miaka mitatu atarudisha gharama zote za kumleta, maelfu ya pauni, na zikatwe kwenye mshahara wake wa mwisho. Hakuna aliyekuwa amemficha. Ilikuwa imeandikwa, kwa herufi ndogo, na alikuwa ametia sahihi. Alikaa miaka yote mitatu.

Mwongozo wa serikali yao unasema marejesho ya namna hiyo yawekwe wazi tangu mwanzo na yawe ya kadiri, yapungue kadiri muda unavyokwenda. Mnaweza kuuliza. Mnaweza kukataa. Mnaweza kuomba siku tatu za kusoma, na mwajiri mwema atawapa. Someni saa za kazi kwa wiki, mshahara kabla na baada ya mtihani, nani analipa ada, nini kitatokea ukianguka OSCE mara tatu, nyumba ni ya muda gani, na ukiondoka unadaiwa nini. Sheria nazo zinabadilika mtu akiwa njiani: Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kusogeza muda wa kupata ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo msijenge hesabu ya maisha juu ya neno la mtu aliyekwenda mwaka 2019, hata akiwa ni mimi.

Pesa zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio nje zilipita dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na viongozi wetu wanapenda kuitaja namba hiyo. Mimi huwafikiria waliozituma, mmoja mmoja, na wodi walizoziacha. Wazee wa Pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Leseni yenu ya hapa msiiache ikafa. Ilipieni mkiwa huko huko, hata mwaka usiodhani utarudi. Mimi yangu ni hai. Nina niyya ya kurudi kufundisha katika chuo hiki, na Mkuu wa chuo ameshanisikia nikisema mbele yenu, kwa hiyo sina pa kujificha.

Yule msichana wa jana hajatuma pesa. Mama yake yuko hapa leo, safu ya tatu, na tumeshaongea.

Nimekuja na mkataba wangu wa kwanza, nakala zimo kwenye mfuko huu, nimefuta jina la hospitali tu. Tukimaliza hapa nitakaa chini ya ule mwarobaini karibu na maktaba mpaka saa kumi na moja jioni. Mwenye mkataba, barua ya kazi, ujumbe wa simu, chochote alichotumiwa, aje nacho. Mzazi akitaka kuja na mwanawe, karibu sana. Tutausoma mstari kwa mstari, na anayetakiwa kusaini leo usiku aje wa kwanza.